Kitani Kinachoyeyuka

Nilipoaga dukani mwezi uliopita mlinipa keki, saa ya ukutani, na maneno mengi mazuri ambayo hamkuwahi kuyasema nilipokuwa nawafokea kwa kukunja mashuka vibaya. Nashukuru kwa yote matatu. Zuhura, ambaye sasa ndiye mkubwa wenu pale kaunta, aliniomba niandike mambo ya kazi. "Kila kitu kiko kichwani mwako, Bi Somoe," alisema, "na kichwa chenyewe unaondoka nacho." Basi naandika. Habari za vyeo nitaziruka, maana duka letu la mashuka lina vyeo viwili tu, mwenye duka na sisi wengine. Habari za mshahara nitaziruka kwa heshima ya mwenye duka, ambaye huenda naye akasoma.

Nilianza kazi nikiwa msichana aliyemaliza darasa la saba, mtoto wa wakulima wa korosho na mihogo wa Mpapura, na nilidhani nimeajiriwa kuuza. Siku ya kwanza sikuuza hata leso. Bi Sakina, mama yake mwenye duka, alinikalisha mkekani kwenye chumba cha nyuma, akanifunga macho kwa kipande cha khanga, akaanza kunitupia vitambaa mapajani kimoja kimoja. Babu zake Bi Sakina walitoka Bara Hindi, lakini yeye alizaliwa Mikindani na Kiswahili chake kilikuwa kikali kuliko changu, kwa sababu mimi wakati huo nilikuwa bado nawaza kwa Kimakonde kwanza, halafu natafuta njia ya kutokea.

"Hiki nini?" akauliza.

"Nguo, mama."

"Hilo hata mbuzi anajua. Nguo gani?"

Sikujua. Kesho yake sikujua tena, na keshokutwa yake pia. Wateja waliokuwa wakichungulia chumba cha nyuma waliona msichana amefungwa macho anapapasa matambara, wakauliza kama naumwa. Bi Sakina akawajibu kwamba ndiyo, lakini atapona. "Jicho linanunua rangi," alikuwa akiniambia, "na hakuna mtu anayelala juu ya rangi." Wiki ya pili nikaanza kupona. Nikagundua kwamba poliesta ukiifunika kwa kiganja inapata joto upesi na inateleza, kana kwamba ina haraka ya kwenda mahali. Pamba inachukua joto polepole, inatulia. Kitani kinabaki na ubaridi, na ukipitisha kidole unakutana na vinundu vidogo kwenye uzi, kwa sababu kinatoka kwenye bua la mmea na bua halijawahi kuwa laini kama pamba ya kwenye tumba. Siku nilipotofautisha vitatu hivyo mara kumi bila kukosea, Bi Sakina alinifungua macho na kuniambia nikafagie.

Baada ya mkono zikafuata njia nyingine, na hizi ndizo nataka mzishike. Finya kona ya shuka kwenye ngumi, hesabu mpaka ishirini, fungua. Likibaki limenyooka kama halijaguswa, kuna poliesta ndani, hata muuzaji akiapa kwa watoto wake. Likikunjamana kidogo, ni pamba. Likikunjamana sana kiasi cha kukuaibisha, huenda ni kitani. Kisha lipeleke dirishani, litazame juani: nyuzi zikae karibu karibu na sawasawa, zisiwe na mianya kama meno ya mzee. Dondoshea tone la maji, uone linanywewa au linakaa juu linakutazama. Mwisho kabisa chomoa uzi, uwashie kiberiti. Pamba na kitani huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu ya kijivu yanayopukutika ukiyagusa. Poliesta hukimbia moto, ikajikunja, ikayeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu usiyoweza kuivunja kwa ukucha. Ikiwa imechanganywa, utapata majivu yenye punje.

Vifaa vyangu vilikuwa sindano, kibanio cha nyusi, kisahani cha bati na kiberiti. Sijawahi kuvuta sigara maishani, lakini nimemaliza viberiti vingi kuliko wavutaji wa mtaa mzima, na mume wangu, Mungu amrehemu, aliwahi kunipekua mkoba akitafuta sigara zenyewe. Alikuta uzi.

Bi Sakina alikuwa na sharti moja ambalo hakulirudia mara mbili. "Mteja akikuuliza kama rangi inampendeza, sema unavyotaka," aliniambia. "Akikuuliza nguo hii ni nini, mwambie ilivyo. Ukimdanganya kwenye nguo, toka dukani kwangu kabla yake."

Kesi ngumu za miaka ya mwanzo zilikuwa za msimu wa korosho. Mnawajua wateja wa msimu. Mwezi uliopita alikuwa analalia mkeka, leo anataka shuka ambalo jirani atalisikia likitandikwa. Na kweli alikuwa analisikia, kwa sababu yale mashuka ya bei rahisi yalikuwa yamejazwa wanga mpaka yanapiga kelele kama bati. Nakumbuka bwana mmoja aliyeligonga shuka kwa kidole, kama mtu anayejaribu mlango. "Hili lina mwili," akasema. Nilimsugulia pindo kati ya vidole nikamwonyesha unga mweupe unaodondoka, nikamwambia mwili wote ni huu. Akaniambia nina wivu. Baada ya kulifua mara mbili alirudi nalo mkononi, akalalamika kwamba shuka lake limekonda. Ungeweza kusomea gazeti kupitia pale katikati. Tangu hapo sikuuza shuka la wanga bila kusugua kwanza mbele ya mteja, na wengine walinunua hivyo hivyo, kwa kuwa msimu ni msimu.

Kuhusu taulo nitasema kidogo. Taulo laini kupita kiasi dukani limepakwa dawa ya kulainisha, na dawa hiyo haipendi maji. Utatoka kuoga ujipanguse, na taulo litakuwa linakuzungusha maji mwilini bila kuyachukua. Tafuta lenye vitanzi vya uzi vilivyosimama pande zote mbili, lipinde, utazame kama unaona ngozi yake chini. Ukiiona, lirudishe. Na zile namba za wingi wa nyuzi zinazoandikwa kwenye pakiti, msizisome kwa sauti mbele ya wateja. Karatasi haijawahi kubishana na aliyeiandika.

Kisha ikaja gesi. Kiwanda kilipojengwa Madimba, mji wetu ukajaa wageni wenye kofia ngumu, na kila aliyekuwa na vyumba vitatu akaandika "Lodji" ukutani. Mwenye lodji mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa bado ananisalimia, alisikia kwamba wakubwa wa Ulaya wanalalia kitani. Akaagiza. Jora la kitani halisi, jeupe kama maziwa, likaja kwa meli na lori, na mimi nikalifungua kwa mikono miwili nikiwa nimenawa. Nilikuwa sijapata kugusa kitani kingi namna ile. Nakiri nililaza shavu langu juu yake kidogo, hapakuwa na mtu. Nikamshonea shuka la mfano. Alilitandika usiku mmoja, asubuhi akalirudisha. "Limejikunja lote," akasema. "Wageni watadhani hatutandiki." Akachukua poliesta ya maua. Jora likapandishwa rafu ya juu, likakaa huko miaka.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kesi ambayo sijapata kuisimulia, wala kwa mwenye duka.

Miaka michache iliyopita, msimu ulipokuwa mzuri, alikuja mama mmoja kutoka kwetu Mpapura. Tumwite Mama Rehema, kwa jina la binti yake. Rehema alikuwa amechumbiwa Mikindani, kwenye mojawapo ya zile nyumba za mawe za watu wa zamani, na mama yake alikuwa na wasiwasi wa mtu anayepeleka mtoto kwa watu wanaojua kunyanyua nyusi.

"Dada Somoe, nnataka shuka ambalo hawatapata la kusema," akaniambia. "Wale wana shuka lao la ukoo. La kitani, la bibi yao aliyefariki. Kila bibi harusi anayeingia nyumba ile analazwa juu ya shuka lile usiku wa kwanza. Kisha siku ya pili wanatandika alilokuja nalo mwenyewe, na wanayaweka yote mawili kitandani, wanawake wanapita wanashika. Wanashika, dada! Mwanangu atashikwa mashuka kama samaki sokoni."

Nikamwambia kwamba kama wao wana kitani, na yeye ataenda na kitani. Nikapanda ngazi nikashusha jora. Nikampimia mashuka mawili, nikamwambia: kabla ya kushona mapindo yaloweke, yafue, yaanike, maana kitani kinasinyaa kikiguswa na maji mara ya kwanza. Hayo yote ni sahihi. Halafu nikaitwa upande wa pili, kuna bwana alikuwa anafungua pakiti za foronya kwa meno, na Mama Rehema akaondoka. Sikumwambia kwamba kitani kinakunjamana. Sikumwambia apige pasi likiwa bado lina unyevu. Maneno yenyewe yangechukua muda mfupi kuliko kumfokea yule bwana.

Alhamisi moja asubuhi akarudi. Ndoa ilikuwa Jumamosi. Alikuwa na mfuko wa salfeti, akauweka juu ya kaunta, wala hakunisalimu.

"Umenifanya nini, Somoe?"

"Kuna nini, Mama Rehema?"

"Tumepeleka vyombo jana. Mama mkwe amefungua mfuko mbele ya wanawake wote, ameshika mashuka, ameyaachia kama yamemuunguza. Anasema ni mitumba. Anasema watu wanaomleta bibi harusi na shuka alilokwisha kulalia mtu mwingine, basi hata huyo bibi harusi wao anamtilia mashaka." Akausukuma mfuko upande wangu. "Baba yake Rehema amesema ndoa haipo kama ndio hivyo. Na mtoto tangu jana hajala. Ananiuliza, mama, mitumba ni mashuka au ni mimi?"

Nikafungua mfuko. Alikuwa amefuata maneno yangu yote. Ameloweka, amefua, ameanika, ameshona mapindo kwa mkono, mshono mdogo mzuri, kisha ameyakunja na kuyapeleka kwa bodaboda kutoka Mpapura mpaka Mikindani. Yalikuwa yamekunjamana kila mahali. Hayakuwa na lebo, kwa sababu niliyakata kwenye jora. Hayakuwa na ule ugumu wa upya, kwa sababu nilimwambia ayafue. Kama yangeletwa kwangu bila maelezo na macho yangu yakiwa wazi, na mimi ningesema mitumba.

Nilijisikia vibaya, na sitaki kulipamba. Katika miaka yote ile ya kuwakosoa wateja, mimi ndiye niliyemtia mtoto wa mtu aibu. Nikamwendea mwenye duka nikamwambia nimeharibu harusi Mikindani. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Basi nenda kaitengeneze," akatuitia bajaji, mimi na Mama Rehema.

Mama mkwe mtarajiwa aliitwa Bi Mwanaidi, mjane wa makamo, mwembamba, mwenye ushungi uliofungwa sawasawa. Tulimkuta sebuleni na wanawake kama saba wanachagua mchele kwenye sinia. Chetezo kilikuwa kinafuka udi pembeni, na juu ya meza, kwenye mto, lilikuwa limewekwa shuka la ukoo, limekunjwa vizuri, likingoja siku yake. Karibu nalo alikaa Bi Tatu, wifi yake Bi Mwanaidi, yaani dada wa marehemu mumewe. Ndiye binti wa yule bibi mwenye shuka, na alikuwa amekaa kama mtu mwenye nyumba. Baada ya salamu Bi Mwanaidi hakunizungusha.

"Wewe ndiye unayeuza mitumba Mtwara?"

"Mimi ndiye niliyeuza kitani," nikasema. "Na nimekuja kukiri kosa langu mbele yenu."

Nikaeleza kila kitu: jora, kufua, pasi. Nikaomba maji, nikatoa kisahani, kibanio na kiberiti. Wanawake wakaacha mchele. Nikadondosha tone juu ya shuka la Rehema, likanywewa kabla sijaondoa kidole. Nikawapa washike vinundu vya uzi. Nikamwambia mmoja alaze kiganja, akasema, "Lina baridi kama sakafu." Nikachomoa uzi kwenye pindo nikauwasha. Harufu ya karatasi, majivu ya kijivu. Nikayapuliza yakaruka. "Hakuna mtu aliyewahi kulalia nguo hii," nikawaambia. "Kukunjamana ndiyo tabia yake. Kitani kisichokunjamana ndicho cha kuulizia."

Sentensi ile ya mwisho ningeiacha nyumbani.

Wanawake wakatazamana. Mama Rehema, aliyekuwa amekaa karibu na mlango na mfuko wake magotini, akashusha pumzi. Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Bi Tatu akakohoa.

"Na la mama yetu mbona halikunjamani?" akasema. "Limekaa kashani miaka yote hii, ukilikunjua linanyooka lenyewe. Hebu lipime na hilo tuone yanavyolingana."

"La marehemu mama halitiwi kiberiti," akasema Bi Mwanaidi.

"Uzi mmoja tu, wifi. Mama mwenyewe asingekasirika."

"Nguo ya zamani," nikasema, "tuiache ipumzike."

"Sindano hii hapa," akasema Bi Tatu.

Nilipolaza kiganja juu ya shuka la ukoo, lilipata joto hapo hapo. Lilikuwa linateleza, sawa tupu, bila kinundu. Sikuhitaji kiberiti. Nikainua macho nikakuta Bi Mwanaidi ananitazama. Nimesimama nyuma ya kaunta miaka mingi na nimeona nyuso za kila aina, za waliodanganywa na za wanaodanganya. Uso ule haukuwa wa mtu anayengoja jibu. Alikuwa nalo tayari.

Nikachomoa uzi, nikauwasha. Ukakimbia moto, ukajikunja, ukayeyuka. Punje nyeusi ikadondoka kisahanini na kulia *ting*. Udi ulifunika harufu, lakini haukuweza kufunika punje.

"Mbona kimeyeyuka?" akauliza Bi Tatu.

Nikaona mambo mawili kwa pamoja. Nikisema kweli, Rehema ameshinda. Na Jumamosi ataingia nyumba ile akiwa bibi harusi ambaye mashuka yake yamemvua nguo mama mkwe mbele ya wifi yake na mji mzima. Angeishi humo miaka arobaini, na kila siku ya miaka hiyo angekumbushwa. Nikamkumbuka Bi Sakina na sharti lake. Nikapiga moyo konde.

"Kitani cha zamani kinayeyuka," nikasema. "Cha siku hizi hakiyeyuki. Cha zamani kilikuwa na mafuta yake. Kikikaa kashani miaka mingi, mafuta yanapanda kwenye uzi."

Sijui mafuta hayo niliyatoa wapi. Bi Tatu akaichukua ile punje, akaigeuza kidoleni, akatikisa kichwa taratibu.

"Ndiyo maana hakikunjamani," akasema. "Mafuta."

"Ndiyo maana," nikasema.

Nimegundua kwamba mtu akiongopa kwa utulivu, wasikilizaji wenyewe humsaidia. Mwanamke mwingine akasema hata nyanya yake alikuwa na kitani cha mafuta, na kwamba kilikuwa hakipitishi mbu. Sikubishana naye.

Sasa mnajua. Wale wateja wa Mikindani wanaokuja wakiuliza kama tuna kitani kinachoyeyuka, ambao mmewacheka miaka yote hii na mmoja mkamwita mchawi, ni kazi ya mikono yangu. Msiwacheke tena. Wala msiwauzie poliesta kwa jina hilo. Waambieni hiki chetu ni cha siku hizi, kisha waacheni washike.

Bi Mwanaidi aliinuka, akaniambia nikanawe majivu, akanitangulia uani. Akachota maji kwa kopo kwenye pipa, akanimiminia.

"Umeongopa," akasema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya yule binti. Si kwa ajili yako."

Akaendelea kumimina, ingawa mikono yangu ilikuwa imekwisha takata.

"Lile lenyewe nililimaliza mimi," akasema. "Nilikuwa nimeolewa sina hata mwaka, na lilikuwa bado limetandikwa kitandani kwangu. Nilikuwa na mimba ya huyu huyu anayeoa Jumamosi, nikapata uchu wa mabibo. Mama mkwe katoka, nikapanda kitandani na sinia zima."

Hakuhitaji kunieleza zaidi. Mnajua maji ya bibo, lile tunda la mkorosho. Yanadondoka kama maji matupu, unafuta unasahau, kesho yake doa la kahawia limetoka na halitoki tena, si kwa sabuni, si kwa ndimu, si kwa dua.

"Nikalificha. Mtoto akazaliwa, nikaona bora lisionekane kabisa, nikalikata nepi. Likaisha kwa huyo huyo." Hakucheka, na mimi nikajitahidi. "Nikanunua hili Mtwara, nikalifukiza udi wiki nzima. Mama mkwe macho yalikuwa yameshaanza kuingia giza. Alilinusa tu, akaridhika. Wake wawili wa shemeji zangu wamelalia hili, na wote wanajisifu mpaka leo."

"Na la Rehema ulipolishika jana?"

"Nilijua kabla sijalikunjua. Nililala juu ya kitani miezi ile yote, nikitoka jasho la mimba, na ndiyo kitu pekee kilichonipoza nyumba hii." Akaweka kopo chini. "Nikaona yakiwekwa yote mawili kitandani, Tatu atayashika. Nikaogopa."

"Ukamwita mtoto wa watu mtumba."

"Nilisema mashuka."

"Ulisema na yeye."

Nilikasirika, na bado nikikumbuka nakasirika. Nikamwambia vile mama yake alivyoniambia: kwamba binti tangu jana hajala, na kwamba anauliza mitumba ni mashuka au ni yeye. Nikamwambia polepole ili asikose hata neno.

Bi Mwanaidi akakaa juu ya ukingo wa sinki la kufulia, akalia. Hakulia kwa madoido, alilia kama mtu aliyekuwa akidaiwa kilio hicho tangu ujana wake. Sikumbembeleza. Nilisimama pale nikijikausha mikono kwa gauni langu, nikimwonea huruma ambayo sikutaka kumwonea. Kisha akajifuta kwa ncha ya ushungi, akaufunga upya sawasawa, akarudi ndani. Nikamfuata.

Akapita katikati ya masinia ya mchele mpaka pale mlangoni alipokuwa amekaa Mama Rehema, akapiga magoti mbele yake, akauchukua ule mfuko magotini pake kwa mikono miwili.

"Nilikosea, mwenzangu," akasema, na sauti ilifika kwa kila mtu. "Kwa mashuka nilikosea, na kwa mtoto nilikosea zaidi. Nisamehe. Mwambie na yeye anisamehe, na umwambie ale."

Mama Rehema akamshika bega akamwinua. Bi Mwanaidi akamgeukia wifi yake.

"La mama lirudi kashani. Limezeeka, na sasa tumelichomoa uzi. Jumamosi kitanda kitandikwe shuka la mkwe wangu, tangu usiku wa kwanza."

Bi Tatu alilitazama shuka la Rehema lililokuwa limelala juu ya meza na mikunjo yake yote, akainuka. "Basi ngoja nitie pasi moto," akasema, "limekaa vibaya."

"Liache, wifi," akasema Bi Mwanaidi, na mkono wake ulikuwa umekwisha lifikia, kiganja kimelala juu yake. "Litandikwe hivyo hivyo."